Mwenye Duka la Nguo Chafu

Kitendawili!

Nimesikia sauti moja tu ikiitikia. Wengine mna chai mdomoni. Haya, nawaita tena: kitendawili!

Nyumba yangu imejaa wenyewe. Mgeni akipiga hodi, wote ni wapita njia.

Mmesema mzinga? Nyuki hawamkimbii mgeni, wanamkimbiza. Mmesema pango la popo? Mmekaribia, lakini sio. Basi nipeni mji. Nimeupokea mji wenu, nimekwenda, nimekula, nimelala, na nimerudi na jibu: ni biashara ya familia, siku mtu wa kodi akisimama mlangoni.

Wiki jana, kama gazeti lenu halikuishia dukani kufungia misumari, tulimwacha Dobi nyuma ya meza yake ya kupigia pasi. Pasi ya mvuke mkononi. Suruali ya mteja mbele yake. Na mbele ya suruali, mtu wa kodi ya serikali, ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Kufuli, kwa sababu akija kwako hatoki bila kulitumia.

Bwana Kufuli aliliweka kufuli lake mezani, puu! Akauliza swali moja tu:

"Mwenye biashara hii ni nani?"

Na kabla Dobi hajafumbua mdomo, pazia la mlangoni likafunuliwa, akaingia mama mkwe wake.

Haya, tuendelee upesi, maana suruali inaungua.

"Suruali inaungua," alisema Bwana Kufuli.

Dobi akainyanyua pasi. Pale palipokuwa na goti pamechorwa pembetatu ya kahawia, ina moshi.

"Shikamoo, mama," Dobi alisema, huku akiifunika pembetatu kwa kiganja na kuungua.

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata gauni langu." Mama mkwe alimtazama mgeni, akalitazama kufuli. "Siku hizi mnauza na makufuli?"

"Bwana, nimeuliza," alisema Bwana Kufuli. "Mwenye biashara ni nani?"

"Mwenyewe... ametoka kidogo."

"Ametoka kwenda wapi?" aliuliza mama mkwe. "Si wewe huyo?"

"Mimi, mama, hapa nasaidia tu."

"Unasaidia! Tangu umwoe binti yangu unasaidia tu?"

Kwenye meza ya pili, chini ya kamba za nguo, binti mwenyewe alikuwa anapiga pasi mashuka. Hakuinua kichwa. Mke wa Dobi alikuwa na tabia hiyo: nyumba ikiwaka moto yeye humaliza kwanza kukunja.

Sasa mtauliza, kwa nini mwanamume mzima ashindwe kusema "ni mimi" ndani ya duka alilolifungua kwa mikono yake? Sogeeni karibu niwaambie, huku tukimwacha akitoa jasho.

Hali iliharibika, nanyi mnaijua. Hoteli iliyokuwa inaleta mashuka ilifunga. Maofisi yakapunguza watu, na mtu aliyepunguzwa hahitaji shati la kupigwa pasi, atamvalia nani? Aliyekuwa analeta mashati matano kwa wiki akawa analeta moja, tena analisubiri amesimama na fulana. Maji yakapanda bei, umeme ukapanda bei, Dobi peke yake ndiye aliyeshuka. Kodi ikawa inasubirishwa. Leo kesho, leo kesho, mpaka barua zikaanza kuja.

Ndipo akatokea shemeji yake, kaka wa mkewe. Huyu mtaani anaitwa Wakili Bure. Alipata kuwa mlinzi wa lango la mahakama, na sheria ilimwingia kama harufu ya jikoni inavyomwingia anayepita uani: ananukia pilipili, lakini hajala.

"Shemeji," Wakili Bure alimwambia, "deni ni kama kupe. Hung'ang'ania ng'ombe aliyemzoea. Wewe badili ng'ombe."

"Nitabadilije?"

"Badili jina kwenye karatasi za biashara. Barua zikija kwa jina la zamani, mwambie tarishi humjui mtu huyo."

"Niandike jina la nani?"

Hapo Dobi mwenyewe, kwa akili yake aliyopewa na Mungu, ndipo akachagua jina la mama mkwe. Msicheke. Yeye alijiuliza: chini ya jua hili, nani ana ubavu wa kwenda kumdai mama mkwe? Yeye Dobi akimwona njiani huvuka barabara apate kumwamkia akiwa mbali. Aliamini watu wa kodi nao wameoa, nao wana wakwe, na wakifika mlangoni kwake nao watavuka barabara hivyo hivyo.

Karatasi ikaletwa. Usiku mmoja ikalala nyumbani kwa Dobi haina saini, asubuhi ikaamka ina saini. Dobi akajua shemeji kampelekea mama yake, mama kakubali. Hakuuliza. Utamwulizaje mama mkwe jambo kama hilo? Utaanzia wapi, na macho utayaweka wapi?

Basi. Sasa mnajua. Turudi kwenye jasho.

"Kama mwenyewe hayupo," alisema Bwana Kufuli, "sina haja naye. Nitashika mali." Alifungua jalada lake, akalamba kidole. "Nguo zote hizi."

"Ni za wateja, bosi."

Bwana Kufuli alitazama juu. Kamba zilikwenda ukuta hadi ukuta, magauni, makoti, mapazia, joho la mtu wa kanisani, vazi la bibi harusi ndani ya mfuko wa nailoni. Kweli, mali ya watu haishikwi kwa deni la mwingine. Alikata mstari.

"Mashine ile ya kufulia."

"Ya benki. Sijamaliza mkopo."

"Na hiyo ya kukaushia?"

"Hiyo ya kukaushia iliuzwa. Ndiyo maana tunaanika humu ndani."

Tone la maji lilimdondokea Bwana Kufuli kwenye upara. Alilifuta.

"Jengo?"

"La mwenye nyumba. Naye ananidai."

"Sasa ndugu yangu, nyinyi wenyewe mna nini?"

Dobi alitazama huku na huku kwa uaminifu wote.

"Tuna sabuni," alisema.

Mama mkwe alicheka hadi akashika meza. Bwana Kufuli hakucheka. Alifunga jalada, akalinyanyua kufuli.

"Basi nitafunga mlango kama ulivyo. Kuanzia sasa hakiingii kitu, hakitoki kitu, mpaka mwenyewe ajulikane. Ila kabla sijafunga..." Alijikohoza. Sauti ikashuka daraja moja. "Kuna koti langu humu. La kijivu. Leo jioni binti wa mkurugenzi wangu anaolewa."

"Kufuli likishawekwa hakitoki kitu," alisema mke wa Dobi bila kuinua kichwa. "Si ndiyo sheria?"

"Bado sijaliweka, dada."

"Na si umeshasema 'kuanzia sasa'?"

Bwana Kufuli alilirudisha kufuli mezani. Unaweza kukutana na simba ukasalimika, lakini mwanamke anayepiga pasi huku anasikiliza, pita mbali.

"Nakutafutia, bosi, nakutafutia!" Dobi alipata uhai. Aliona mwanga. Mtu mwenye harusi jioni ana haraka, na mwenye haraka husamehe. Alipekua kamba ya kwanza. Kijivu, la kike. Akapekua ya pili. Kijivu, la mtoto. Ya tatu. Kamba zikaisha, koti hakuna.

Mlango wa uani ukafunguliwa.

"Nani anaitishia familia yangu?" ilisema sauti nzito. "Mimi ndiye mshauri wa kisheria wa biashara hii!"

Alikuwa Wakili Bure. Kidevu juu, bahasha tupu kwapani. Na mwilini, limemkaa kana kwamba lilikatwa kwa kipimo chake, koti la kijivu.

Bwana Kufuli, wajukuu, alilitazama koti lile kuanzia kola hadi vifungo.

"Ndugu mshauri," alisema Bwana Kufuli polepole, "koti hilo ni langu."

Wakili Bure alijitazama kifuani kama mtu aliyekuta nyoka.

"Nilikuwa nalijaribu," alisema. "Kwa niaba yako. Tunahakiki mishono."

"Lina doa la mchuzi mfukoni."

"Hilo tumelikuta."

"Livue."

Akalivua. Ndani alikuwa na fulana yenye matundu, na ushauri wa kisheria ulipungua nguvu hapo hapo. Lakini domo halikuvuliwa.

"Hata hivyo, bwana mkubwa, mtu unayemtafuta hayupo tena. Jina la biashara lilibadilishwa kihalali. Deni lilikuwa la jina la zamani. Jina limekufa, deni limekufa. Poleni na msiba."

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Nimefanya kazi mahakamani."

"Ndani au nje?"

"Langoni."

"Sikiliza basi uliyokuwa huyasikii langoni. Hii si kampuni, ni biashara ya mtu mmoja. Biashara ikidaiwa, ndiye anayedaiwa. Ukibadili jina, deni halifi. Linahama pamoja na jina, na viatu vyake na mkoba wake, linakwenda kulala kwa mwenye jina jipya." Bwana Kufuli alifungua jalada. "Na jina jipya ninalo hapa."

"Usilisome!" alipiga kelele Dobi.

Akalisoma. Majina yote matatu, hadi la babu.

Mama mkwe aligeuka taratibu.

"Huyo ni mimi," alisema.

Dobi alifumba macho. Alisubiri kofi, laana, kilio, chochote. Alichosikia ni kiti kikiburutwa. Alipofumbua jicho moja, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwenye duka, mkoba mapajani, mabega nyuma.

"Kumbe nina duka!" alisema.

"Mama..." alianza Dobi.

"Usiniite mama ukiwa kazini." Alitembeza macho kamba kwa kamba. "Na mwaka mzima huu nimekuwa nalipia gauni langu kufuliwa kwenye duka langu mwenyewe? Nani alikuwa anapokea?"

"Mimi, mam... bosi."

"Tutaongea. Wewe!" Alimnyooshea kidole Wakili Bure. "Umefukuzwa."

"Mama, mimi sijaajiriwa hapa."

"Ndiyo maana imekuwa rahisi. Na gharama ya suruali hii iliyoungua, nani ataibeba?"

"Ni yeye Bwana Kufuli aliyenishtua," alisema Dobi.

"Ataibeba aliyeshika pasi. Binti yangu, wewe endelea, kazi yako naiona. Mtu mmoja tu humu ndani anafanya kazi, na nimemzaa mwenyewe."

Binti alimaliza ukingo wa mwisho. Alikunja shuka, akavuta lingine.

Dobi aliona ajabu. Mama amekubali! Hakuna kesi! Wazo lake halikuwa la kijinga, lilichelewa tu kueleweka! Hata alimkonyeza shemeji yake. Na Bwana Kufuli, ambaye jicho lake moja lilikuwa kwenye saa na lingine kwenye koti, alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Mama, mimi napenda watu kama wewe. Nyakati ni ngumu, ofisi inalijua hilo. Mwenye biashara akijitokeza mwenyewe, tunaandikishana, analipa kidogo kidogo, adhabu inapunguzwa, na mlango haufungwi. Leo hii hii."

"Si mmesikia?" mama mkwe aliwaambia wote. "Watu wanaongea vizuri. Lete kalamu."

"Utaweka saini hapa kwamba deni unalitambua. Na hapa, dhamana."

"Dhamana ndiyo nini?"

"Mali yako. Usipolipa kama tulivyopatana, ofisi itachukua. Nimeona kwenye rekodi una nyumba."

Kalamu ilisimama hewani.

Nyumba ya mama mkwe, wajukuu zangu, ni vyumba viwili na kibaraza. Aliijenga akiwa mjane, kwa kushona magodoro ya watu, sindano ndefu, vidole vimevimba. Chumba kimoja analala, kingine amepangisha, na kodi ya chumba hicho ndiyo chumvi yake na dawa zake za presha. Bati la mwisho lilipopigiliwa alilala chini yake mvua ikinyesha, akalia kwa furaha, akaamka akamwambia jirani: sasa hata nikifa, nitafia ndani.

Aliinuka kwenye kiti cha mwenye duka kama mtu aliyekalia kaa la moto.

"Nyumba yangu mimi?"

"Ndiyo, mama. Biashara ni wewe, na wewe ni biashara."

"Mimi sina biashara! Mimi nimefuata gauni!"

"Dakika hii hii umemfukuza mtu kazi."

"Nilikuwa natania! Nyie, mwambieni. Mimi sijasaini kitu. Tangu nizaliwe saini yangu nimeiweka kwenye cheti cha ndoa na kitabu cha kliniki tu!"

Bwana Kufuli aliacha kutazama saa. Akachomoa karatasi moja jaladani, akaiweka mezani, mbali na matone.

"Hii saini si yako?"

Mama mkwe aliinama. Aliitazama muda mrefu, midomo ikicheza.

"Inafanana," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini si mimi."

"Sasa hili limekuwa jambo jingine." Sauti ya Bwana Kufuli haikuwa tena ya kukemea, na hiyo ilitisha zaidi. "Nisikilizeni wote. Kama saini ni yako, mama, deni ni lako, na nyumba imo. Kama si yako, umetoka, huna deni na ofisi yangu. Lakini hapo mtu ameghushi, na wa kughushi hashughulikiwi na kufuli. Anashughulikiwa na polisi. Kwa hiyo nauliza, na sitatoka hapa, harusi au hakuna harusi. Nani aliiweka saini hii?"

Wote wakawa wapita njia.

"Shemeji," Dobi alinong'ona, "si ulimpelekea mama ile karatasi?"

"Mimi?" Wakili Bure alisahau kunong'ona. "Nilikuachia wewe! Asubuhi niliikuta mezani kwako imesainiwa. Nikajua umempelekea usiku."

"Mimi nimpelekee mama mkwe karatasi usiku? Una wazimu? Niligonge dirisha la mama mkwe?"

"Sasa mimi nitajuaje mnavyoheshimiana!"

"Uliniambia mambo yamekwisha!"

"Nilisema yamekwisha kwa sababu niliona yamekwisha!"

"Nyinyi watu wazima," alisema mama mkwe, "mmeandika jina langu, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyeniambia?"

Dobi alimnyooshea kidole shemeji yake, naye shemeji akamnyooshea kidole Dobi.

"Na haikutosha," alisema Bwana Kufuli. "Mnajua ofisi ilijuaje habari zenu? Barua hujiendea kwa kila anayedaiwa, lakini hatukuwa hata tunawafikiria. Mna bahati, mlikuwa wadogo mno. Ila juzi juzi alikuja mwanamume mmoja pale dirishani, anataka cheti cha kutodaiwa kodi. Tukamuuliza cha nini. Akasema anataka kuiuza biashara yake ya udobi."

Pasi kwenye meza ya pili ilisimama.

"Tukatafuta jina lake, tukalikuta la zamani, limekatwa mstari. Biashara ni ya mtu mwingine. Tukamwambia asubiri. Hakusubiri. Ndipo tukaanza kufukua." Alimtazama Dobi. "Ulikimbia vizuri, bwana. Lakini uliacha kitambulisho dirishani."

Akakitoa mfukoni, akakiweka juu ya suruali iliyoungua.

Simba akijikuta mtegoni hunguruma. Dobi hakunguruma. Alitamani kuingia kwenye mashine ya kufulia, afungiwe, izungushwe.

"Ulitaka kuuza duka?" aliuliza mama mkwe. "Binti yangu anajua?"

"Nilikuwa... nilitaka kwanza nione kama inawezekana, ndipo nimwambie."

"Pesa ufanyie nini?"

Dobi alikigeuza kitambulisho, picha chini.

"Sungura," alisema Wakili Bure, ambaye hajawahi kuachia kimya kikae. "Tulikuwa tunaingia kwenye sungura, mama. Sungura mmoja leo, kufika mwakani ni sungura arobaini. Hawaandiki risiti."

"Sungura!"

"Nyama nyeupe, mama. Madaktari wanaisifu."

Mama mkwe alimpa mwanawe mgongo. Alikaa chini. Safari hii hakukaa kwenye kiti cha mwenye duka, alikaa juu ya kapu la nguo chafu, akaushika mkoba wake kwa mikono miwili. Aliufungua, akatazama ndani, akaufunga, akaufungua tena.

"Vyumba viwili tu," alisema, kama anamweleza mtu asiyekuwepo. "Si kwamba ni jumba."

Hapo, wasomaji wangu, Dobi alipatwa na jambo ambalo sitaliita ushujaa, maana namjua. Kwanza alihesabu. Akisema saini ni ya mama, yeye anabaki nje, duka linabaki wazi, na bibi wa watu analala anatazama bati lake akijiuliza litang'olewa lini. Akisema ni ya shemeji, shemeji ataongea, na akiongea watafungwa wote na sungura wao. Kisha alifikiri kuhusu jela. Alisikia kule chakula hakilipiwi, maji hayana bili, na mama mkwe hawezi kuja bila kibali. Si pabaya sana, alijiambia.

Kisha alitazama tena ule mkoba.

"Andika," alisema.

"Niandike nini?"

"Andika ni mimi. Saini niliiweka mimi. Mama hahusiki. Hata hajawahi kuiona karatasi hiyo."

Mama mkwe aliinua uso. Tangu siku ya posa hajawahi kumtazama mkwewe machoni, na Dobi hajawahi kutazamwa. Waliangaliana. Kila mmoja aliona mwenzake ana macho ya kawaida tu, mekundu kidogo.

"Una hakika, bwana?" aliuliza Bwana Kufuli. Hakuonekana kufurahi. Alilishika kufuli kana kwamba limekuwa zito. "Nikishaandika siwezi kufuta. Nitapiga simu, watakuja kukuchukua hapa hapa, mbele ya mkeo."

"Nina hakika."

"Shemeji," alisema Wakili Bure, fulana yake ikipepea matundu, "kisheria una haki ya kunyamaza."

"Na wewe pia," alisema Dobi. "Itumie."

Bwana Kufuli alitoa kofia ya kalamu. Aliandika neno la kwanza. Akaandika la pili.

"Muongo."

Halikuwa neno la Bwana Kufuli, wala la mama mkwe. Lilitoka nyuma ya mashuka. Mke wa Dobi aliizima pasi yake, akaisimamisha wima, akaukunja waya taratibu kama afanyavyo kazi ikiisha. Ndipo akapita chini ya kamba, akasimama mbele ya meza.

"Futa," alimwambia Bwana Kufuli. "Huyu mwandiko wake hata mfamasia hausomi. Ataigaje saini ya mama yangu? Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea kitabu cha kliniki. Naijua ile saini tangu sijui kusoma."

"Mama watoto," alisema Dobi, "nyamaza, nimeshamaliza."

"Hujamaliza, hujaanza. Saini niliiweka mimi."

Mama mkwe alijishika kifua. "Mwanangu! Nyumba yangu!"

"Sikujua kama nyumba inaingia, mama. Naapa sikujua. Nilijua ni jina tu. Ndiyo maana nasema mbele yako na mbele yake: ni mimi, na nyumba aitoe."

Bwana Kufuli aliweka kalamu chini. Harusi ilikuwa imemtoka kichwani kabisa. Dobi alizunguka meza, mara ya kwanza asubuhi hiyo kuiacha ngao yake, akasimama mbele ya mkewe.

"Mke wangu. Mimi na kaka yako tulikuwa wajinga, hilo linajulikana hadi sokoni. Lakini wewe? Wewe unayeogopa hata kuokota senti njiani? Ulimwogopa mtu wa kodi kiasi hicho, hadi ukamghushi mama yako?"

Mkewe alimtazama. Tone lilidondoka kati yao. Likadondoka lingine. Hakuna aliyejifuta.

"Mambo ya sungura niliyasikia kabla ya karatasi ile," alisema. "Mlikuwa mmekaa pale, mimi niko nyuma ya mashuka. Mashine ya kukaushia ulikuwa umeshaiuza bila kuniuliza. Nikajua inayofuata ni duka, na duka lilikuwa kwa jina lako, ungeamka asubuhi moja ukauza, nikabaki na pasi mkononi na watoto mgongoni. Karatasi ikaja, ikalala mezani, jina la mama limeandikwa. Nikasema, huyu ndiye mtu pekee ambaye mume wangu hawezi kwenda kumwomba ruhusa ya kuuza kitu."

"Kwa hiyo mtu wa kodi..."

"Mtu wa kodi nimemjua leo, alipolifuata koti lake. Sikuwa namkimbia yeye, baba watoto. Nilikuwa nakukimbia wewe."